Neno "Nakubali"

Hapana neno jepesi katika simu kama neno "nakubali." Kidole hugusa, ukurasa hutoweka, na mtu huendelea na shughuli zake akidhani kuwa hakutenda jambo. Msomaji, ametenda jambo kubwa. Ametia sahihi mkataba asioujua.

Vijana wengi wa nchi yetu hutamani kutunga michezo ya simu, na tamaa hiyo ni njema. Walakini mchezo hautungwi kwa mikono mitupu. Mtungaji huazima injini, yaani programu inayouendesha mchezo. Huazima picha, sauti, hata sura za herufi. Kila kimoja kina mwenyewe, na kina leseni, yaani ruhusa yenye masharti. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huihesabu programu ya kompyuta miongoni mwa kazi za maandishi. Basi aitumiaye kinyume cha ruhusa hana udhuru kuliko achapaye kitabu cha mtu bila idhini.

Wako wasemao kwamba kitolewacho bure hakina masharti. Wamekosea. Wimbo waweza kutolewa bure kwa sharti la kutotumiwa kibiashara. Ukiutia katika mchezo wenye matangazo ya kulipwa, umevunja sharti. Injini ya Godot hutolewa bure kwa leseni ya MIT, ambayo hudai tu kwamba ilani ya hakimiliki na maneno ya leseni yahifadhiwe. Leseni ya GPL hudai zaidi: ukisambaza programu uliyoijenga juu ya kazi yenye leseni hiyo, huna budi kuwapa wapokeaji maandishi yake asilia, pamoja na uhuru ule ule uliopewa wewe. Mwaka 2010 GNU Go, mchezo wa ubao wenye leseni hiyo, uliondolewa katika duka la Apple baada ya malalamiko kwamba masharti ya duka yaliwanyima watumiaji uhuru huo. Mchezo haukuwa na kasoro. Masharti mawili ndiyo yaliyogombana.

Wengine husema: "Masharti ni marefu, hayo ni kazi ya mawakili." Nawajibu kwa kisa kimoja. Septemba 2023 kampuni ya Unity, ambayo injini yake hutumiwa na watungaji wengi duniani, ilitangaza kwamba tangu Januari 2024 michezo iliyopita kiwango fulani cha mapato na idadi ya usakinishaji ingetozwa ada kila ilipowekwa katika chombo kipya, mpaka senti 20 za dola ya Marekani. Hata michezo iliyokwisha kutolewa ingeguswa. Kelele zikavuma. Lakini waliosoma walikuwa na hoja: mwaka 2019 kampuni hiyo hiyo ilikuwa imeahidi kwamba mtu akibaki na toleo lake la zamani aweza kubaki na masharti yake. Katika mwezi ule ule kampuni ililegeza amri yake, na Septemba 2024 ikaifuta ada hiyo. Asiyesoma alikuwa na kilio. Aliyesoma alikuwa na ushahidi.

Wa mwisho husema: "Mimi maskini, nani atanishtaki?" Kweli, mchezo usiochezwa na watu hautafutwi na mtu. Lakini siku utakapopendwa, ndipo mwenye mali atakapobisha hodi, nawe utapoteza jasho lako wakati wa mavuno. Tena, ewe utakaye kazi yako iheshimiwe kesho, waheshimu wenzio leo.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo, kabla ya kujenga, jiulize: Je, naruhusiwa kuuza? Je, naruhusiwa kubadili? Nimtaje nani? Nilipe lini? Masharti yaweza kugeuzwa? Andika majibu, weka nakala yenye tarehe, na palipo na giza muulize ajuaye. Kazi ya saa moja hiyo yaweza kuokoa kazi ya miaka miwili. Kisha, ukiridhika, gusa neno "nakubali," nawe uwe umekubali kweli.