Sufuria Tupu Siyo Faida

Juzi, njia panda ya Nanganga, pale wanapoachana wasafiri wa Masasi na wale wa Ruangwa na Nachingwea, abiria mmoja alimsifu mama lishe: "Mama, saa saba sufuria tupu! Hela unazo." Mama akacheka kwa furaha. Mimi nilishindwa hata kumaliza wali wangu.

Imani hii imenichosha. Chakula kikiisha, eti biashara inalipa. Sufuria tupu inaonyesha kwamba watu wamekula, basi. Haisemi kama walicholipa kimerudisha mchele, maharage, mafuta, mkaa na ujira wa binti anayeosha vyombo. Tena anayeuza kwa hasara ndiye anayemaliza mapema kuliko wote, maana bei nafuu wateja wanainusa wakiwa bado ndani ya basi.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba huku kwetu Kusini mizani tunaijua vizuri. Msimu wa korosho, nusu kilo ikipungua kwenye mizani ya chama cha ushirika cha wakulima (AMCOS), kazi inasimama ghala zima na mwenyekiti anaitwa. Mwaka 2018 Serikali ilipotangaza shilingi 3,300 kwa kilo, hata watoto waliikariri bei ile. Mkulima huyohuyo wa korosho, au mkewe, akifungua kibanda cha chakula, mizani haionekani tena. Mchele unakwenda kwa kikombe, mafuta kwa jicho, nyama kwa huruma.

Wapo wanaosema kupima chakula ni uchoyo, kunafukuza baraka. Baraka gani hiyo isiyoogopa mizani ya korosho ila ya jikoni tu? Baraka gani inayomwacha mama wa watu akikimbilia mikopo ya riba kubwa, ile ya kausha damu, ili apate mchele wa wiki?

Chukua sahani ya wali maharage ya shilingi 2,000. Tuseme mchele mkavu gramu 150, kilo ikiwa 3,000: hiyo 450. Maharage gramu 80 kwa bei hiyohiyo: 240. Mafuta, kitunguu, nyanya na nazi, 350. Mkaa na maji, 250. Binti wa kuosha vyombo analipwa 8,000 kwa siku. Kwa sahani 50 ni 160 kila moja. Jumla 1,450. Sasa mkono wa kupakua ukizidisha gramu 50 tu za ule mchele, shilingi 150 zimekwenda. Kwa sahani 50 ni 7,500 kwa siku, karibu ujira wote wa yule binti, na hakuna aliyeiba!

Na lumbesa, ule ufungashaji wa magunia kupita kipimo, sitainyamazia, maana nayo inamficha mpishi bei halisi. Inapigwa marufuku kila siku, na magunia yenye vilemba yanapita barabarani mchana kweupe. Nyanya tunauziwa kwa fungu, vitunguu kwa sado. Mpishi atajuaje bei ya kilo asipopima mwenyewe akifika nyumbani?

Vijana sasa wanaleta programu za simu za kukokotoa gharama za mapishi. Ni nzuri. Mafuta yakipanda, unabadilisha tarakimu moja na kila sahani inahesabiwa upya. Lakini swali la kwanza ni lilelile: sahani moja inakula gramu ngapi? Ukijaza makisio, utarudishiwa makisio. Nachingwea tunalijua hilo. Waingereza walipanga mashamba ya karanga mwaka 1946 kwa tarakimu za kupendeza, wakajenga reli kutoka Mtwara. Mradi ukafutwa 1951, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa.

Akina mama, anzeni na sahani moja, ile inayouzwa zaidi. Nunueni mizani ya jikoni kabla ya sufuria nyingine. Kila kinachoingia chunguni kipimwe na kiandikwe daftarini pamoja na bei ya siku ile, wiki nzima. Programu ije baadaye. Na halmashauri zinazotoa mikopo kutoka asilimia 10 ya mapato yake ya ndani ziache kuridhika na katiba ya kikundi na mihuri. Zidai karatasi ya gharama ya sahani moja, na asiyeweza kuiandika afundishwe kwanza, ndipo apewe fedha.