DAWA YA CHUMA SI DAWA YA MTU



Asubuhi moja mama mmoja alifika mbio kwenye dispansari, mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa anatapika, midomo na ulimi vimekuwa vyekundu. Nikauliza: «Mama, amekunywa nini?» Akajibu: «Munganga, ni maji tu. Ni maji ya bidoni ambayo baba yake aliileta toka kazini. Niliiosha mara tatu na sabuni.»

Tulimpeleka mtoto hospitalini, na kwa bahati akapona. Bidoni ile ilikuwa ya dawa ya kukinga chuma na kutu.

Je, chuma nacho kinaugua? Ndiyo. Ndani ya nguzo na sakafu za betoni za usini mna vyuma. Betoni nzuri ina ukali wa namna ya chokaa: kipimo chake cha pH kinafika 12,5 ao 13, na maji safi ni 7. Ukali huo unavika chuma ngozi nyembamba sana, isiyoonekana kwa macho, nayo inazuia kutu. Lakini kloridi ya chumvi ikiingia, inatoboa ngozi ile. Hapa Katanga hatuna bahari. Kloridi inaweza kuletwa na maji yenye chumvi, na asidi kloridriki ya kusafishia, ama na kloridi ya kalsiamu ambayo mafundi wa zamani walitia ili simenti ishike upesi. Kutu ikizaliwa inataka nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, mara 2 hata 6. Betoni inapasuka toka ndani, na siku moja kipande kinaanguka juu ya kichwa cha mtu.

Ndiyo sababu mafundi wanatumia dawa. Katika miaka ya 1970 ilianza kuuzwa nitriti ya kalsiamu. Kisha zikaja dawa za oganiki, zaidi zile za jamii ya amini. Hizi zinashikamana na chuma na kukifunika, sawa mafuta juu ya ngozi, ili kloridi isikiguse. Nyingine zinachanganywa na simenti mbichi. Nyingine zinapakwa juu ya betoni ya zamani, nazo zinapenya polepole.

Mimi sizipingi dawa hizi. Nguzo isiyooza inaokoa watu. Lakini naona tunakosa mara mbili.

Kosa la kwanza ni kufikiri kwamba dawa inaponya kila kitu. Kloridi ikipita kadiri ya 0,4 kwa 100 ya uzito wa simenti, hatari ya kutu ni kubwa. Kama chuma kimekwisha kuoza, kupaka dawa juu ni sawa na kupaka pomada juu ya jipu lenye usaha. Inapashwa kufungua: kuvunja betoni mbaya, kusugua chuma, kisha kutia betoni mpya iliyo nzito. Basi ukiona ufa wenye maji ya rangi ya kutu, usingoje. Mwambie kapita siku ileile.

Kosa la pili ni kubwa zaidi: tunakinga chuma, tunasahau mtu. Amini nyingi zinanuka kama samaki aliyeoza. Zinachoma ngozi, koo na macho, na mvuke wa baadhi yake unafanya mtu aone ukungu. Kwa hiyo vaa miwani, maboti na vifuniko vya mikono vya mpira, na fungua madirisha. Ikiruka jichoni, osha na maji mengi kwa dakika 15, kisha njoo kwetu. Usitie mafuta wala ndimu. Tena, usichanganye dawa ya nitriti na dawa ya amini kwa kichwa chako mwenyewe: zikikutana zinaweza kuzaa nitrozamini, ambazo nyingi zinaleta kansa.

Sasa tuseme juu ya bidoni. Kule New York, mwaka wa 1944, wazee 11 waligeuka rangi ya buluu, na mmoja akafa, kwa sababu nitriti ya sodiamu ilitumiwa mahali pa chumvi ya mezani. Nitriti na chumvi zinafanana kwa macho. Vilevile bidoni iliyooshwa inafanana na bidoni safi. Mtoto akinywa, usimlazimishe kutapika. Mwoshe kinywa, mlete mbio, na ulete bidoni pamoja naye ili tusome karatasi yake.

Wengine watasema: «Kataza tu, yatosha.» Mimi nasema haitoshi. Baba anachukua bidoni kwa sababu nyumbani maji hayatoki kila siku na chombo kizuri kina bei. Naomba wakubwa wa kazi mambo mawili: kila bidoni tupu itobolewe kazini kabla haijatoka stoo, na mfanyakazi apate bidoni safi ya maji kwa bei nafuu. Lile la kwanza bila la pili litafanya watu wafiche.

Nawe baba, usilete nyumbani kitu ambacho kazini unakishika na mikono iliyofunikwa. Kama wewe mkubwa unakiogopa, mtoto atakinywa namna gani?