Ketamini na Kiwewe cha Kariakoo: Dawa Ipo Kabatini, Huduma Iko Wapi?

Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, katikati ya Jiji la Dar es Salaam. Kwa siku kadhaa waokoaji walichimbua kifusi. Baadhi ya walionaswa chini walizungumza nao kwa simu, wakapelekewa maji na hewa ya kupumua. Zaidi ya watu 20 walipoteza maisha. Waliojeruhiwa walishonwa vidonda, wakaungwa mifupa, na wengi wakarudi nyumbani. Lakini lipo jeraha ambalo picha ya eksirei haiwezi kulionyesha.

Wahenga walisema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mshtuko huo unapodumu zaidi ya mwezi mmoja, ukaambatana na jinamizi la usiku, kumbukumbu zinazovamia mchana, kukwepa mahali au watu wanaokumbusha tukio, ganzi ya hisia na hasira zisizo na sababu, tabibu hana budi kufikiria ugonjwa wa msongo baada ya kiwewe. Mchuuzi mwenye ugonjwa huo husikia lori likimwaga kokoto akakimbilia barabarani. Mbeba mizigo hukataa kazi ya kushuka stoo ya chini, na jamaa zake humwita mvivu. Mji huu una watu wengi wa namna hiyo, kwa kuwa Kariakoo haikuwa ya kwanza: tarehe 29 Machi 2013 jengo jingine liliporomoka katika Mtaa wa Indira Gandhi na kuua watu 36, na mwaka 1998 jiji lilishuhudia mlipuko wa bomu katika ubalozi wa Marekani.

Katika mazingira hayo, habari kwamba dripu ya ketamini inaweza kuondoa kiwewe kwa saa chache zinapokewa kwa matumaini makubwa. Ketamini si ngeni nchini. Ilitengenezwa Marekani mwaka 1962, na kwa miongo mingi imekuwa tegemeo la vyumba vya upasuaji vya hospitali za wilaya. Humlaza mgonjwa bila kuzuia sana upumuaji wake na bila kushusha shinikizo la damu, tena haihitaji mashine ghali wala umeme wa uhakika. Mama anayefanyiwa upasuaji wa dharura usiku, mbali na mji, mara nyingi huokolewa kwa dawa hiyo. Ni rahisi basi kuuliza: ikiwa dawa imo kabatini na bei yake ni nafuu, kwa nini wenye kiwewe wasipewe leo?

Jibu linaanzia kwenye ushahidi wenyewe. Mwaka 2014 watafiti wa New York waliwapa wagonjwa 41 dripu moja ya ketamini au ya midazolamu. Kiasi cha ketamini kilikuwa nusu miligramu kwa kila kilo ya uzito, kikiingizwa polepole kwa dakika 40. Baada ya saa 24, dalili zilikuwa zimepungua zaidi kwa waliopata ketamini. Mwaka 2021 timu hiyo ilitoa dripu sita kwa muda wa wiki mbili kwa kundi la watu 30: asilimia 67 ya waliopata ketamini walipata nafuu kubwa, dhidi ya asilimia 20 ya waliopata midazolamu. Hata hivyo, nusu ya waliopata nafuu walikuwa wameipoteza baada ya takriban wiki nne tangu dripu ya mwisho. Mwaka 2022 ukaja utafiti mkubwa zaidi, wa wanajeshi na maveterani 158 wa Marekani waliopewa dripu nane. Safari hii ketamini haikuzidi dripu isiyo na dawa katika kupunguza dalili za kiwewe, ingawa ilipunguza sonona.

Matokeo hayo yanaonyesha dawa yenye ahadi, yenye athari ya haraka, lakini ambayo haijathibitika kuwa tiba ya kudumu. Ndiyo maana mwezi Oktoba 2023 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilionya kwamba haijaidhinisha ketamini kwa ugonjwa wowote wa akili. Iliyoidhinishwa, mwaka 2019, ni dawa ndugu yake ya kupulizia puani, nayo ni kwa sonona iliyoshindikana kwa dawa nyingine.

Upo pia upande wa usalama. Dripu hiyo hupandisha shinikizo la damu na mapigo ya moyo, na humfanya mgonjwa ahisi kana kwamba ametengana na mwili wake. Kwa mtu aliyefukiwa na kifusi, hisia hiyo bila mtu wa kumshika mkono na kumweleza kinachotokea yaweza kuwa kiwewe cha pili. Matumizi ya mara kwa mara yanaweza kuleta uraibu na kuharibu kibofu cha mkojo. Isitoshe, dawa inayochepushwa kwenda mitaani huvuta udhibiti mkali. Mwaka 2015 lilipelekwa Umoja wa Mataifa pendekezo la kuiweka ketamini chini ya udhibiti wa kimataifa. Halikupita, kwa hoja nzito kwamba nchi maskini zingekosa dawa ya upasuaji. Zahanati itakayouza dripu kiholela mjini inamhatarisha mgonjwa wake, na inamhatarisha pia mama aliye kwenye meza ya upasuaji wilayani.

Lakini kukataa holela kusigeuzwe kuwa kutofanya lolote. Tiba zenye ushahidi imara zaidi kwa kiwewe ni za mazungumzo yenye mpangilio, na Afrika Mashariki ina ushahidi wake yenyewe. Mashariki mwa Kongo, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwahusisha wanawake 405 walionusurika ukatili wa kingono. Waliopata tiba ya mazungumzo katika vikundi walipata nafuu kubwa kuliko waliopata msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja. Moshi na Bungoma, watoto yatima 640 walihusika katika utafiti wa tiba ya kiwewe uliochapishwa mwaka 2020, na faida ilionekana katika maeneo matatu kati ya manne. Katika tafiti zote mbili watoa tiba hawakuwa madaktari, bali watu wa kawaida waliofunzwa na kusimamiwa kwa karibu. Pengo kubwa la Kariakoo, basi, ni la watu waliofunzwa kuuliza, kusikiliza na kufuatilia. Dripu haiwezi kuliziba.

Nchi inao mfano wa kuingiza dawa nyeti kwa utaratibu. Tangu mwaka 2011 Muhimbili imetoa methadoni kwa waraibu wa heroini: mgonjwa husajiliwa, hunywa dozi yake mbele ya mhudumu, na hupata ushauri nasaha pamoja na dawa. Ketamini kwa kiwewe ingestahili njia hiyo hiyo. Kwanza, itolewe ndani ya utafiti unaosimamiwa na kamati za maadili, katika hospitali ya kufundishia. Pili, ipewe mtu ambaye tiba ya mazungumzo na dawa za kawaida, kama sertralini, hazikumsaidia. Tatu, chumbani awepo mtaalamu wa dawa za usingizi, na nje ya chumba uwepo mpango wa mazungumzo wa wiki zinazofuata, ili nafuu ya siku chache itumike kufanya kazi ambayo maumivu yaliizuia.

Wakati huo ukisubiriwa, muuguzi wa zahanati ya mjini anaweza kuanza leo kwa swali moja kwa kila aliyepitia ajali, moto au kuporomoka kwa jengo: "Tangu siku ile, usingizi ukoje?" Naye mgonjwa anayeahidiwa kupona kwa dripu moja ana haki ya kuuliza nani atampima shinikizo, nani atakaa naye, na nani atamwona mwezi ujao dalili zikirudi. Asipopata majibu matatu, na aondoke na fedha zake.

Kifusi cha Kariakoo kilitolewa kwa mikono ya watu waliokubali kukaa hapo siku baada ya siku, wakiwasikiliza walio chini. Walionusurika bado wanahitaji subira ya namna ile ile.