Malakiti ya Katanga ina hadithi yake

Ulaya ya zamani iliamini kwamba malakiti, jiwe la kijani, linamkinga mtoto na jicho baya, tena linapasuka lenyewe ili kumwonya mwenye kulivaa. Hadithi nzuri, na inauza bangili. Lakini Katanga ina habari yake ambayo wanunuzi wachache wanaisikia: malakiti ni jiwe la shaba. Mababu, wale walioitwa walaji wa shaba, waliliyeyusha katika tanuru za udongo wa kichuguu, wakamimina misalaba ya kulipia mahari na biashara.

Leo mafundi wa Lubumbashi wanalikata na kuling'arisha mpaka mistari yake itokeze. Vumbi lake ni sumu kwa mapafu. Kulikata likiwa limelowa maji, fundi akivaa barakoa, kunapunguza hatari hiyo kwa gharama ndogo. Na kwa kampuni za madini, jiwe zuri na baya yote ni shaba tu, yanaingia kiwandani. Serikali ya jimbo iziombe ziwaachie mafundi vipande vizuri, kwa bei wanayoiweza, na iwape mahali pa kazi penye maji.