Lugha Yetu Iingie Pale Programu Inapojengwa

Tunapozungumzia Kiswahili na kompyuta katika kitivo chetu, mara nyingi tunaishia kwenye istilahi: tuseme faili au jalada? Swali ni zuri, lakini linachelewa. Mengi yanakuwa yameshaamuliwa kabla mfasiri hajaitwa.

Tuchukue Qt, maktaba kubwa ya kutengenezea madirisha, menyu na vitufe vya programu. QGIS, programu ya ramani wanayoijua wenzetu wa jiografia, imejengwa juu yake. Tangu Qt 6, mwaka 2020, Qt yenyewe hujengwa kwa CMake, chombo kinachosoma maelekezo ya mradi na kupanga jinsi mafaili yake yatakavyogeuzwa kuwa programu. Katika maelekezo hayo mtu huomba sehemu iitwayo LinguistTools, kisha hutaja faili la kila lugha. Asipotaja la Kiswahili, hakuna kosa linaloonyeshwa. Programu inajengwa vizuri, na mkulima wa Karuba anaifungua na kukuta Kiingereza. Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, lakini CMake inafuata orodha iliyopewa tu.

Hata lugha ikitajwa, kuna tatizo linalotuhusu sisi hasa. Chombo kiitwacho lupdate hukusanya sentensi zilizotiwa alama ya tr ndani ya msimbo. Mwandishi anayefikiri kwa Kiingereza huandika "%1 deleted", akitegemea jina lolote liingie penye %1. Kwetu haiwezekani: mgonjwa amefutwa, kitabu kimefutwa, jina limefutwa, picha imefutwa. Qt ina njia ya kushughulikia umoja na wingi, ngeli haizijui. Mfasiri anabaki kukwepa kwa kuandika "Umefuta: %1", na sentensi nyingine hazikwepeki hivyo.

Halafu, Kiswahili kipi? Orodha ya ISO 639-3 inatenga swc kwa Kiswahili cha Kongo. Qt nayo inatambua sw_CD, na isipopata faili la jina hilo inaweza kutumia la sw. Nafasi tunayo. Anayestahili kusema kama "batoto" na "katoto" vinafaa kuandikwa kwenye dirisha la programu ni nani, kama si sisi?

Kuna watakaosema hiyo ni kazi ya watu wa informatiki. Kuandika C++ ni kazi yao, sawa. Lakini CMakeLists.txt ni maandishi ya kawaida, na mwanafunzi wa isimu anaweza kujifunza kuyasoma kwa muda mfupi.

Napendekeza mambo mawili. Kwanza, kazi za mwisho wa masomo zikubaliwe juu ya ngeli katika sentensi za programu, zikisimamiwa na vitivo viwili pamoja. Pili, kila mradi unaojengwa chuoni upangwe ili tafsiri ya Kiswahili ikikosekana, ujenzi usimame. Kosa lisiloonekana halina wa kulirekebisha.