Sijambo Si Ushahidi

Aliyevunjika mguu haambiwi akimbie ili athibitishe kwamba hawezi kukimbia. Mwenye sonona huambiwa. Ndiyo maana ya kujiandaa kwa rufaa ya malipo ya ulemavu hapa Uingereza.

Malipo yenyewe huitwa PIP, na yalianza mwaka 2013. Maisha ya mtu hugawanywa katika vipengele 12: 10 vya maisha ya kila siku, kama kupika, kuoga, kuvaa na kukutana na watu, na 2 vya kutembea na kusafiri. Kila kipengele kina alama zake. Ukifikisha alama 8 katika sehemu moja unalipwa. Ukifikisha 12 unalipwa zaidi. Mimi, ambaye wiki nzima hupita sijavuka mlango, nilipewa sifuri.

Ripoti ya mpimaji ilisema nilimtazama usoni, nikamsalimia vizuri na kumwambia sijambo. Ni kweli. Nimelelewa Tanga, kwetu hata aliyefiwa jana, akiulizwa hali, hujibu salama kwanza, ndipo aeleze msiba. Salamu ni adabu, si cheti cha daktari. Mpimaji alichukua jibu la kwanza akaondoka nalo. La pili hakuuliza.

Kabla ya rufaa, lazima kwanza uombe uamuzi uangaliwe upya, na muda wa kawaida ni mwezi mmoja. Ukikataliwa tena, ndipo ukate rufaa. Sasa naandika daftari: siku gani nilioga, nani alinihimiza, mara ngapi nilishika kitasa cha mlango nikarudi kitandani. Naomba barua kwa daktari, na nyingine kwa dada yangu anayepiga simu kila asubuhi kuhakikisha nimekula. Kazi hii yote amepewa mtu ambaye kufungua bahasha moja humchukua siku tatu. Akishindwa kuifanya, hana ushahidi. Akiifanya vizuri, ataulizwa: mbona umeweza?

Wapo wasemao fedha ya umma lazima ilindwe, na kwamba ugonjwa wa akili ni rahisi kuigiza. Ilindwe, sina ugomvi. Lakini kwa miaka mingi, zaidi ya nusu ya rufaa za PIP zilizosikilizwa zimeamuliwa kwa faida ya mlalamikaji. Muuza sukari ambaye kila vifuko kumi vikipimwa upya, zaidi ya vitano vinakutwa vimepunjwa, hatuwalaumu wateja wake. Tunakagua mizani. Na hao ni waliofika mwisho. Walioishia njiani kwa uchovu hawamo katika hesabu hiyo.

Upendeleo wa mizani hii umewahi kuthibitishwa. Mwaka 2017 serikali ilibadili kanuni ili anayeshindwa kusafiri kwa sababu ya mfadhaiko wa akili asipate alama za juu za safari. Desemba mwaka huohuo Mahakama Kuu ilitamka kwamba huo ni ubaguzi wa waziwazi. Januari 2018 serikali ikatangaza haitapinga hukumu.

Sheria yenyewe inasema mtu ahesabiwe kuwa anaweza jambo ikiwa analifanya kwa usalama, kwa kiwango kinachokubalika, kwa kulirudia kila inapohitajika, na kwa muda unaofaa. Hayo ndiyo nitakayowasomea jaji, daktari na mjuzi wa masuala ya ulemavu watakaoketi mbele yangu. Nitawaambia pia kwamba asubuhi hiyo moja itanigharimu siku kadhaa za kitandani, wazihesabu nazo.

Ninachodai ni kidogo. Kabla ya kuandika sifuri, idara iombe yenyewe taarifa kwa daktari anayemtibu mtu. Mpimaji aulize na siku mbaya, si siku aliyoiona tu. Na ikishindwa rufaa baada ya rufaa, ianze kujieleza yenyewe. Leo anayejieleza ni mgonjwa peke yake.