"Tulikuwa twatania tu"



Makanga anakuona na kanzu na begi mgongoni, anapaza sauti: "Gaidi huyo, mkagueni!" Gari zima linacheka. Nawe unacheka, maana ukinuna utaambiwa hujui utani. Hilo tabasamu la kujilazimisha wengi wetu twalijua.

Aprili 2014, kwenye msako wa Usalama Watch, maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikamatwa na kuzuiliwa uwanja wa Kasarani. Kwa yule abiria mwengine "gaidi" ni mzaha. Kwako ni neno linaloweza kukulaza ndani.

Hayo tumeyasema sana. Leo tujiangalie sisi.

Kuna kijana aliyesilimu, alikuwa akija darsa yetu kila Jumamosi. Akisoma Alhamdu, ile haa na ayn zilimshinda, na kila wiki mmoja wetu alimwigiza kwa lafudhi ya kwao. Tulicheka. Yeye pia alicheka. Mimi nilicheka, siwafichi. Kisha akaacha kuja. Nilipompigia akaniambia, "Kaka, mimi nilikuja kujifunza."

Si kwamba utani hatuujui. Mtu na binamu yake watatupiana maneno mazito hata harusini na hakuna anayekasirika, kwa sababu kila mmoja ana uwezo wa kurudisha. Huyu kijana angerudisha nini? Sisi Alhamdu tulifunzwa chuoni tukiwa wadogo, mgeni pale ni yeye peke yake.

Mtume (s.a.w.) alitania. Mtu alimwomba mnyama wa kupanda, akamwambia atampa mtoto wa ngamia. Jamaa akashangaa, mtoto wa ngamia nitamfanyia nini? Akajibiwa kwamba ngamia yeyote amezaliwa na ngamia. Basi, hakuna aliyedhalilika hapo. Lakini masahaba walipomchukulia mwenzao kamba yake akiwa amelala, akashtuka, Mtume alikataza Muislamu kumtisha Muislamu. (Wale wa kurekodi wenzao wakiruka kwa hofu, mnisikie.) Na Suratul Hujurat aya ya 11 imekataza wazi kudharauliana na kuitana majina mabaya.

Nimemwomba msamaha yule ndugu, amenisamehe. Darsani bado hajarudi. Aliyekuwa akimwigiza atasoma hapa, na anajijua. Namba yake unayo.